Kuchora Sura ya Nchi kwa Karatasi Ndogo

Wasikilizaji wetu, jioni hii twataka kuwaeleza habari za safari tuliyoifanya pamoja na wanafunzi wetu wa ualimu, kutoka Dodoma hata Singida, na picha ndogo ndogo zilizotokana nayo. Twasema ndogo, maana hakuna karatasi iliyozidi ukubwa wa kadi ya posta.

Tuliondoka mwanzo wa mwezi wa Mei. Tukapita mashamba ya mpunga ya Bahi, tukapanda ukingo wa Bonde la Ufa hata Manyoni, kisha tukashika njia ya kaskazini, mwendo wa kilometa kama 120. Karibu na Ikungi alizeti za mwisho zilikuwa bado na maua, na wanafunzi waliotoka milimani na pwani wakatoa penseli upesi. Mmoja tu hakuchora, naye ni mzaliwa wa Singida yenyewe. Tulipomwuliza sababu alijibu, "Mwalimu, kwetu pana nini cha kuchora? Ni mawe tu." Neno hili lilituchoma, kwa kuwa kijana huyu atakuja kusimama mbele ya watoto wa kwao.

Hatukumjibu. Jioni tuliketi kando ya Ziwa Singidani, tukamwomba achore jiwe moja. Akalipaka kijivu mara moja, akaweka burashi chini. Tukamwambia, "Litazame tena." Akatazama kitambo. Ubavu ulioelekea magharibi ulikuwa wa rangi ya chungwa; upande wa kivuli ulikaribia zambarau; na michirizi myeusi ilionyesha njia ya maji ya mvua. Kile kijivu hakikuonekana mahali po pote.

Apendaye kujaribu na aanze kwa mstari wa upeo, nao ukae chini, maana nchi hii ni wazi na mbingu yataka nafasi. Rangi hafifu zitangulie, nzito zifuate, kwani rangi ya maji ikikolea haifutiki. Ukingo wa ziwa wenye chumvi usipakwe kitu. Weupe wa karatasi watosha. Heroe walio mbali ni nukta za waridi tu. Mwenzetu aliyejaribu kuwachorea miguu alipata kuku.

Kazi hii si ngeni katika nchi za kati. Huko Kolo, wilaya ya Kondoa, watu wa kale walichora juu ya miamba kwa rangi nyekundu. Mary Leakey alikwenda kuzinakili mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliziandika katika Urithi wa Dunia.

Asubuhi ya pili tuliona watu wakipasua mawe kwa moto na nyundo, wapate kokoto za kujengea. Hatuwalaumu, maana nao wana watoto wa kulisha. Lakini yule kijana alisimama kimya, kisha akaomba ruhusa aende kwa bibi yake, ambako nyuma ya nyumba kuna mawe matatu yaliyopandana, aliyokuwa akiteleza juu yake utotoni. Akarudi mchana na picha nne.

Ya tano alikuwa amemwachia bibi. Twasikia bibi aliishika mbali na macho, akaitazama sana, akauliza, "Na mtama wangu niliouanika juu ya jiwe, u wapi?" Basi akaketi tena, akauongeza.