Pima Kwanza, Fungua Baadaye

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja, fundi magari, katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Makorora, Tanga)



Walionitangulia kusimama hapa ni mahakimu na madaktari. Mimi ni fundi magari wa hapa hapa Makorora, kwa hiyo nitasema juu ya injini, maana ndiyo niijuayo.

Gari lile jeupe mlilolizunguka asubuhi chini ya mwembe ni Peugeot 404 ya mwaka 1967. Vijana wameniuliza kama linatembea. Linatembea, na mwezi uliopita lilipanda mpaka Lushoto. Wazee wenzangu hawakuuliza, kwa sababu wanaikumbuka sifa yake. Gari la aina hii lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, likashinda tena 1966, 1967 na 1968. Dereva aliyelishindia mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa mkazi wa Dar es Salaam. Lakini sikuja kusifu gari. Nimekuja kueleza kosa nililolifanya kwa gari kama hilo, na kipimo ambacho kingaliniepusha nalo.

Kwanza tuelewane juu ya mgandamizo, au kama tusemavyo gereji, kompresheni. Pistoni inaposhuka huvuta ndani ya silinda hewa iliyochanganyika na petroli. Inapopanda, vali zote zikiwa zimefungwa, huubana mchanganyiko ule katika nafasi ndogo iliyobaki juu. Katika injini hii, kilichokuwa kimejaza zaidi ya chupa saba hubanwa kikatosha katika chupa moja, ndipo plagi inapotoa cheche. Mchanganyiko ukibanwa barabara, moto wake husukuma kwa nguvu. Ukipata pa kutorokea, nguvu hutoroka nao. Na pa kutorokea hasa ni patatu: kando ya ringi za pistoni, kwenye vali zisizokaa sawasawa, au kwenye gasketi ya silinda hedi.

Mwaka 1982 nilikuwa fundi kijana, mwenye maneno mengi kuliko spana. Vipuri vilikuwa adimu nchini. Mzee mmoja dereva wa teksi aliniletea 404 yake. Alisema, "Mwanangu, hapa mjini inakwenda, lakini nikitoka Mombo kupanda Soni inakata pumzi." Nilisikiliza mlio, nikaona moshi kidogo kwenye egzosi, nikatoa hukumu papo hapo: ringi zimekwisha, injini ishushwe. Mzee hakubisha. Aliuza kipande chake cha shamba la minazi, akaagiza ringi na pistoni. Nilifanya kazi siku tisa. Vali sikuzitoa, nilizifuta masizi juu juu, nikafunga hedi.

Gari lilirudi Mombo, likakata pumzi pale pale.

Hapo ndipo alipokuja fundi mmoja mtu mzima, aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana za mashamba ya mkonge. Hakunigombeza. Alitoa mfukoni geji, akapima silinda moja moja. Tatu zilikuwa nzuri. Ya nne ilisoma pauni 60. Akatia oili kidogo humo, akapima tena, ikabaki 60. "Ringi zako mpya ni nzima," akaniambia, "na pengine hata zile za zamani zilikuwa nzima." Tulipofungua tulikuta vali ya egzosi imeungua ukingoni. Tapeti yake ilikuwa imebana muda mrefu, vali haikufunga kabisa, na moto ukawa unapita hapo kila mzunguko. Tulipata vali nzima kwenye injini mbovu, tukaisaga kwa mkono mpaka ikakaa, na gari likapanda Soni.

Mzee wa teksi aliniambia neno moja tu: "Nilikuwa naumwa jino, mwanangu, wewe ukanipasua tumbo." Nilimrudishia fedha kidogo kidogo kwa miaka miwili. Shamba halikurudi.

Ndugu zangu, dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu lina mvua. Kwa hiyo nawaeleza vijana jinsi ya kupima, maana kazi yenyewe haizidi saa moja.

Washa injini mpaka ipate moto wa kawaida, kisha izime. Hakikisha betri ina nguvu. Tenganisha waya wa koili ili cheche isije ikawasha petroli. Toa plagi zote nne, si moja, ili staata izungushe injini kwa wepesi. Bana geji katika tundu la plagi. Mwenzako akanyage pedali ya mafuta mpaka chini, kwa sababu mlango wa kabureta ukifungwa silinda haipati hewa, na kipimo kitadanganya. Azungushe staata mara tano au sita. Andika namba, nenda silinda ya pili. Andika, usitegemee kichwa.

Injini ya petroli ya zamani kama hii ikiwa na afya, kwa kawaida husoma baina ya pauni 120 na 150 kwa inchi ya mraba. Lakini lililo kubwa ni ulingano: silinda moja isipungukiwe na wenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi hivi. Tena kumbukeni mahali mlipo. Hapa Tanga tuko usawa wa bahari. Ukipima injini hiyo hiyo Lushoto, hewa ni nyepesi na namba zote zitashuka. Huo si ugonjwa.

Silinda ikiwa dhaifu, tia kijiko kimoja cha oili katika tundu la plagi, zungusha, pima tena. Namba ikipanda sana, oili imeziba pengo la ringi. Ringi au laina zimelika. Isipopanda, shuku vali. Silinda mbili zinazopakana zikiwa dhaifu pamoja, shuku gasketi baina yao. Kwa 404 kuna jambo moja zaidi: injini yake imelazwa upande, na oili hukimbilia chini, basi usitoe hukumu kwa kipimo kimoja.

Mwezi uliopita, kabla ya safari ya Lushoto, nililipima gari langu: 130, 128, 90, 132. Nilitia oili katika ile ya tatu, ikawa 93. Nikakagua tapeti kwa fila geji, nikakuta ya egzosi haina nafasi hata kidogo. Ulikuwa ugonjwa ule ule wa mwaka 1982, ila safari hii niliuwahi. Nilirekebisha tapeti, nikaendesha siku tatu, nikapima: 126. Hedi sikuigusa. Na katika injini hii yafaa kuogopa kuigusa bila sababu, kwani laina zake zimezungukwa na maji. Ukitoa hedi na kuzungusha injini bila kuzibana laina, zinaweza kupanda, na maji yakashukia kwenye oili.

Wako wanaotaka kuongeza mgandamizo kwa kuchonga hedi. Hedi iliyopinda ichongwe kiasi cha kunyooka tu. Ukizidisha, injini itagonga, na pistoni inaweza kutoboka. Kuuboresha mgandamizo wa gari la zamani ni kulirudishia pumzi lililozaliwa nayo: tapeti sahihi, vali zilizosagwa, ringi mpya panapohitajika. Ziada ya hapo ni tamaa.

Vijana, magari ya leo yana kompyuta, na fundi husoma namba kwenye kioo. Ni vizuri. Lakini namba ile nayo ni geji tu. Atakayeisoma lazima ajiulize swali la pili kabla ya kumwambia mwenye gari akauze shamba.

Geji ya yule fundi wa mkonge aliniachia kabla hajafariki, na ndiyo hii hapa mkononi. Namkabidhi Mwalimu Mkuu kwa ajili ya chumba cha fizikia. Naomba isifungiwe kabatini. Gari liko nje na betri ina nguvu. Tukimaliza chakula, atakayetaka kujifunza aje na kalamu.