Kijana Akiuliza Juu ya Kifo

Hotuba iliyosomwa katika maadhimisho ya hekalu letu



Siku ya sherehe watu hupenda kusikia habari za furaha. Hata hivyo tumeona ni vema tuseme neno juu ya saratani kwa vijana, kwa kuwa mwaka huu tumemzika kijana wa jirani zetu, mwanafunzi wa miaka 16, na wengi wenu mlikuwepo msibani. Jina lake hatutalitaja, kama alivyotuomba mama yake.

Ugonjwa wake ulianza kwa maumivu ya goti. Ilidhaniwa ameumia mpirani, akachuliwa, na miezi ikapita. Uvimbe ulipokua ndipo ilipogunduliwa kuwa ni saratani ya mfupa, ambayo huwapata zaidi vijana walio katika umri wa kurefuka. Mguu ulikatwa, lakini saratani ilikuwa imekwisha kufika mapafuni. Madaktari wakaieleza familia kwamba hakuna tena tiba ya kumponya, naye akarudi nyumbani.

Hapo ndipo kimya kilipoanza. Wageni walimletea soda, matunda na nguo mpya, wakamwambia atapona na kurudi uwanjani. Alipouliza kwa nini hapelekwi tena hospitali, wakubwa walizungumzia mvua na bei ya mchele. Siku moja alimwambia mama yake kwamba kinachomchosha kuliko ugonjwa ni kuwaona watu wakitoka nje kwenda kulia, kisha wakirudi ndani wakicheka.

Katika maandiko yetu, ndani ya Katha Upanishad, yumo kijana aitwaye Nachiketa. Baba yake, kwa hasira, alimtoa kwa Yama, mwenye enzi ya mauti. Nachiketa akaenda, akakaa siku tatu mlangoni bila chakula, kwa kuwa mwenyeji hakuwapo. Yama aliporejea akampa nafasi ya kuomba mambo matatu. Ombi la kwanza halikumhusu yeye mwenyewe: aliomba moyo wa baba yake utulie. La tatu lilikuwa swali: mtu akifa, inakuwaje? Yama hakutaka kujibu. Akamwahidi ng'ombe, tembo, farasi, dhahabu na maisha marefu, ili aache kuuliza. Kijana akavikataa vyote, na mwishowe akajibiwa.

Sisi tunaoishi juu ya dhahabu ya Bulyanhulu tuisikilize habari hiyo kwa makini. Mara nyingi wakubwa humpa kijana mgonjwa zawadi ili asiulize. Naye haulizi kwa utovu wa adabu. Mwili ni wake, na mwili umekwisha kumwambia. Anachokosa ni mtu wa kuzungumza naye.

Mama yule alikuwa na ujasiri. Aliketi kitandani akamweleza mwanawe ukweli, kwa maneno machache, akijibu lililoulizwa tu. Walilia pamoja. Kisha kijana akatoa maombi yake: mama asilaumiwe na ndugu kwa kuchelewa hospitali, viatu vyake vya mpira apewe mdogo wake, na wanafunzi wenzake waje na madaftari, kwani alitaka kujua darasa limefika wapi. Wenzake walikuja. Kwa wiki zilizobaki aliishi kama kijana, akibishana nao juu ya Simba na Yanga.

Jambo la pili ni maumivu. Wako wanaodhani kwamba hospitali ikisema haponi, basi hakuna la kufanya ila kungoja. Sivyo. Ipo tiba shufaa, nayo kazi yake ni kupunguza mateso ya mgonjwa na kuitegemeza familia. Dkt. Anne Merriman, aliyeanzisha Hospice Africa nchini Uganda mwaka 1993, alionyesha kwamba unga wa mofini ukichanganywa na maji huwa dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa anaweza kuinywa nyumbani. Nchini kwetu, Taasisi ya Saratani Ocean Road hutoa tiba shufaa pia. Familia nyingi huogopa mofini kwa kudhani ni dawa ya kulevya tu, au kwamba huharakisha kifo. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari na kwa saa zake, humwezesha mgonjwa kulala, kula na kuzungumza na wapendwa wake.

La tatu ni kuwahi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, ilhali katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Kuchelewa kugunduliwa na kuacha matibabu katikati ni miongoni mwa sababu. Hospitali ya Bugando, Mwanza, hutibu saratani, na tangu mwaka 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi limeondoa kungojea kivuko. Kinachobaki kwa wengi ni nauli, chakula na mahali pa kulala. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Uvimbe usiopungua, au maumivu ya mfupa yanayomwamsha mtoto usiku, yapelekwe hospitali bila kungoja.

Kwa hiyo tunaomba sehemu ya sadaka ya sherehe hii itengwe kwa nauli na malazi ya watoto wagonjwa wa vijiji vinavyotuzunguka, bila kuuliza dini wala kabila. Na pale ambapo tiba imeshindwa, tunaomba kila mmoja wetu aende kuwatembelea, aketi, na asikimbie swali. Asiyejua jibu aseme hajui, lakini abaki pale pale alipoketi.