Aliyetuachia Jiko: Hotuba ya Kumkumbuka Marehemu Maxwell Kinyanjui

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia kutoka Kitale na Bungoma.)

 

Kwenye ratiba tuliandika kwamba leo tunamkumbuka mhisani wa mambo ya nishati. Wengine wenu mmetuuliza pale mlangoni: ni nani huyo, na alijenga shule gani? Tunawajibu kwamba hatumleti kwenu kwa sababu ya shule. Tunamleta kwa sababu kazi ya mikono yake mko nayo jikoni. Lile jiko la makaa lenye kiuno chembamba, bati nje na udongo ndani, mzee Maxwell Kinyanjui ni mmoja wa watu waliolifikiria na kulihangaikia mpaka likafika sokoni. Sasa ni marehemu, na majina ya watu wa namna hii husahaulika upesi kuliko ya wanasiasa.

Wenye umri wanakumbuka jiko la zamani la chuma kitupu. Inasemekana lililetwa na Wahindi waliojenga reli. Moto wake ulipasha miguu ya mpishi na ukuta wa jikoni kabla ya kupasha sufuria. Wataalamu walipolipima waliona kwamba katika kila sehemu 100 za joto, sehemu 10 hadi 20 tu ndizo zilizoingia chunguni. Nyingine zote zilikuwa pesa za mama zikienda na upepo.

Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa Nairobi kuhusu nishati mpya na nishati isiyokwisha. Baada ya hapo kazi ya kutafuta jiko bora ilishika kasi, na shirika la KENGO lilikuwa mstari wa mbele. Mfano uliotazamwa ulikuwa jiko la ndoo la Thailand, lenye udongo ndani. Kinyanjui na wenzake hawakulichukua jinsi lilivyo. Udongo ukijazwa juu mpaka chini, jiko linakuwa zito na bei inapanda. Basi wakauweka nusu ya juu tu, pale makaa yanapokaa, ukashikizwa kwa simenti iliyochanganywa na madini mepesi yanayoitwa vamikulaiti. Chini wakapanua. Nanyi mnajua kwa nini: ugali husongwa kwa nguvu, na jiko lisilo na msingi mpana litapinduka na sufuria yake. Joto linaloingia chunguni likapanda hadi sehemu 25, na hata 40, katika kila 100. Kwa makadirio ya miaka ile, familia ya mjini iliokoa karibu kilo 600 za makaa kwa mwaka.

Tusiseme alikuwa peke yake. Tukisema hivyo tutawanyima haki mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, na akina mama waliopika na majiko ya kwanza kisha wakasema ukweli bila kuogopa wataalamu.

Sasa, uhisani uko wapi hapo? Mhisani tunayemzoea huja na gari, akakata utepe, akapigwa picha. Huu ulikuwa wa namna nyingine. Jiko hili halikuchukuliwa hataza, yaani ile hati ya serikali inayowakataza wengine kuiga. Fundi yeyote mwenye nyundo, mkasi wa bati na macho mawili aliruhusiwa kulitengeneza. Mwanzoni liliuzwa karibu dola 15 za Marekani, bei ya watu wenye mishahara. Mafundi walipozidi kuingia, wakashindana, bei ikashuka chini ya dola 5. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 zaidi ya nusu ya nyumba za mijini Kenya zilikuwa nalo, na umbo lake lilikuwa limevuka mipaka hadi Uganda, Rwanda na Ethiopia. Kwa maoni yetu, zawadi hiyo inapita hundi nyingi.

Lakini kitu kisicho na mwenyewe hakina pia wa kukilinda. Ndiyo maana tumewaita. Sokoni kwetu, Kitale na Bungoma pia, yako majiko ambayo udongo wake haukuiva tanuruni, na bati lake ni jembamba kama karatasi. Kwa macho yote yanafanana, hasa yakishapakwa rangi. Mama analipa pesa za chama, baada ya miezi michache udongo unamomonyoka, naye anarudi kusema jiko bora ni uongo. Hakuna ofisi itakayosimama na wewe sokoni. Gonga udongo kwa ukucha: ulioiva unalia kama kikombe, ambao haujaiva unatoa sauti ya kufa. Tazama kama kuna nyufa, na kama mlango wa hewa unafunga sawasawa. Ukifika nyumbani, siku ya kwanza washa moto mdogo, na usimwage maji juu ya udongo wenye moto, hata kama wageni wanaondoka na unataka kuokoa makaa. Funga mlango wa hewa, inatosha.

Wenzetu wa vijijini mtasema, sisi tunapikia kuni na magunzi ya mahindi. Kweli. Kwenu kuna Jiko la Upesi, kigae cha udongo kisicho na bati ambacho hujengewa kwa matope hapo hapo jikoni. Vikundi vya akina mama wafinyanzi hapa magharibi mwa Kenya vimekuwa vikikitengeneza na kukiuza, na ni biashara ambayo kikundi chenye udongo mzuri kingeifikiria.

Jambo moja zaidi. Mzee Kinyanjui hakuishia kwenye jiko. Aliona kwamba kuokoa makaa bila kupanda miti ni kuchelewesha tu siku ya njaa, akageukia upandaji wa miti ya makaa, hasa migunga. Cookswell Jikos, kampuni aliyoanzisha, inaendelezwa na familia yake, nayo huuza pia tanuru za pipa zinazochoma makaa kwa matawi madogo, shina likabaki limesimama. Tanuru yetu ya kufukia ardhini hula kilo 10 za kuni ili itoe kilo moja au mbili za makaa. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, mliona wenyewe gunia la makaa lilivyopanda bei.

Mkutano ujao kila kikundi kilete jiko moja lililonunuliwa karibuni, pamoja na bei yake iliyoandikwa. Tutayagonga hapa mbele ya watu wote. Kama kijijini kwenu kuna fundi wa majiko, mleteni naye, asikie akiwa amekaa na sisi.