King Alistahili Nini?

  

Leo tunaichambua hasira. Nazungumzia hasira ya mtazamaji aliyefuata tamthilia usiku baada ya usiku, akachagua moyoni mwake nani amuoe nani, halafu waandishi wakamwoza binti kwa mwingine. Mnaijua. Kesho yake, pale soko la Mulongwe, hapa Uvira kando ya ziwa, bei ya ndagala inasubiri kwanza. Watu wanaulizana kama umeona walichofanya jana. Mmoja anaapa kwamba haangalii tena. Jioni anarudi, kama umeme upo, kwa sababu bado anaitafuta haki yake.

Wako wanaosema hayo ni mambo ya bure, watu wa kwenye televisheni hawajui hata kama Uvira ipo duniani. Mimi naiheshimu hasira hiyo. Ndani yake mna hukumu juu ya mapenzi na juu ya deni, na hukumu inayotolewa na watu wazima waliokwisha kuishi inafaa kusikilizwa. Ila hukumu pia hupimwa. Tuipime kwa kisa kimoja.

Kisa chenyewe kinatoka India. Tamthilia ya Kumkum Bhagya ilianza kurushwa huko na Zee TV mwezi wa Aprili 2014, ikitengenezwa na kampuni ya Balaji Telefilms ya mama Ekta Kapoor. Kwetu tamthilia za namna hii zimeingia nyumbani zikiwa zimetiwa sauti za Kifaransa, hasa tangu chaneli ya Zee Magic ilipoanzishwa kwa ajili ya Afrika mwaka 2015, na anayekosa abonema huenda kwa jirani. Kumkum Bhagya ni jina la ukumbi wa harusi. Mwenye ukumbi ni mama mmoja, Sarla, ambaye anafungisha ndoa za watoto wa wengine huku akihangaikia binti zake wawili, Pragya na Bulbul. Pragya ni mwalimu, mtaratibu, mwenye miwani. Anaolewa na Abhi, mwanamuziki maarufu wa roki, katika ndoa iliyofungwa kwa sababu zisizo za mapenzi. Abhi tayari ana mpenzi, Tanu. Mapenzi ya Abhi na Pragya yanaota ndani ya ndoa, polepole, kinyume cha nia ya wote wawili. Hapo ndipo watazamaji walipofungwa. Tangu siku hiyo, kwa wengi, Pragya ni wa Abhi na Abhi ni wa Pragya.

Halafu ukaja mwaka 2018. Wawili hao wametengana kwa uchungu, na hadithi inaruka miaka 7. Tunamkuta Pragya London, anaishi na mwanamume anayeitwa King Singh, mwanamuziki wa rap. Kuna mtoto wa kike, Kiara. Kiara ni damu ya Abhi, lakini anayemwita baba ni King. King alimpokea Pragya alipokuwa hana mtu. Alimpa jina lake mbele ya watu ili asidharauliwe. Na kadiri hadithi inavyosonga, tunaona kwamba King anampenda mama huyo kweli.

Watazamaji wakagawanyika. Kundi la kwanza likasema: Abhi ndiye mume, yaliyowatenganisha ni fitina, na fitina haivunji ndoa. Kundi la pili likasema: miaka 7 Abhi alikuwa wapi? Mtoto alipougua usiku, nani aliamka? Hadithi yenyewe ilichagua. Ikamrudisha Pragya upande wa Abhi, na King akaondoka. Kundi la pili halikusamehe.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo hasira ya Uvira inapokuwa na uzito wake. Mwezi wa Oktoba 1996 vita vilipofika mji huu, familia zilitawanyika kwa siku moja. Wako waliovuka ziwa hadi Kigoma, na mwaka huohuo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ikafunguliwa kuwapokea watu wa Kivu Kusini. Wengine walipanda milimani, wengine wakashuka Fizi. Mume akawa upande huu, mke upande ule, hakuna simu, hakuna barua. Tangu hapo mambo hayajatulia sana, na hata pasipo vita wanaume wameondoka kwenda kwenye dhahabu ya Misisi na Kamituga, wengine wakarudi baada ya miaka, wengine hawakurudi. Kwa hiyo swali la King na Abhi si geni kwetu. Mtu aliyekuoa akapotea, mwingine akaja akawalisha watoto wako, halafu wa kwanza akabisha mlango. Ni nani mume? Ni nani baba? Wazee wetu wameketi kwenye mashauri ya namna hii hadi usiku, na mashauri mengine hayakupata jibu.

Mama anayemtetea King kwa sauti kubwa mbele ya televisheni, basi, anatoa ushahidi. Anasema kwamba aliyebaki ana haki. Na yule anayemtetea Abhi anatoa ushahidi wake pia: kwamba aliyetenganishwa na mke wake kwa nguvu za wengine hakuacha kuwa mume. Ukiwasikiliza vizuri utakuta wanabishana juu ya maisha yetu, na tamthilia imewapa majina ya kuyasemea bila kumtaja jirani.

Tuulize pia kwa nini tamthilia zinatufanyia hivi. Sababu moja iko kwenye namna zinavyotengenezwa. Tamthilia ya Meksiko ina mwisho unaojulikana tangu mwanzo. Marimar ya mwaka 1994 iliwatenganisha Marimar na Sergio, ikawatesa, lakini ilikuwa inakwenda kwenye kituo chake, na kituo hicho ni kurudiana. Tamthilia ya kila siku ya India haina kituo. Inaendelea maadamu watu wanaiangalia. Na wapendanao wakishatulia nyumbani kwao kwa amani, hadithi imekwisha. Kwa hiyo hawaruhusiwi kutulia. Kumkum Bhagya ilipomaliza kuwatenganisha Abhi na Pragya kwa mara nyingine, iliruka tena miaka 20, ikawaleta binti zao mapacha, Prachi na Rhea, waliolelewa mbalimbali, na wote wawili wakampenda kijana mmoja, Ranbir. Jeraha la mama likahamishiwa kwa watoto. Na sisi tunapata vipindi hivyo baada ya India kuvimaliza. Tunapokasirika, uamuzi ulishapita.

Kwenye tamthilia za nchi jirani swali linabadilika kidogo. Citizen TV ya Kenya ilirusha Maria kuanzia 2019 hadi 2021, kazi ya Rashid Abdalla na Lulu Hassan, kwa Kiswahili. Maria, aliyechezwa na Yasmin Said, ni msichana aliyekulia mtaa wa mabanda, anaingia katika nyumba ya kitajiri ya akina Hausa. Anampenda Luwi, mwana wa nyumba hiyo. Luwi ana mchumba, Sofia. Swali la nani ana haki kwa Luwi nalo tunalijua. Kwetu, posa ikishapokelewa, watu wawili hawako peke yao tena. Ng'ombe, mbuzi au pesa zimetoka nyumba moja kwenda nyingine, wajomba wamesema neno, mashangazi wameshuhudia. Mchumba aliyeachwa amebeba aibu ya ukoo mzima. Kwa hiyo anayesema "Luwi ni wa Sofia" ana hoja nzito, hata kama moyo wa mtazamaji wa kawaida umemwangukia Maria.

Na hapa nina lawama kwa waandishi wa tamthilia nyingi. Wanapotaka tumkubali mwanamke mpya, wanamchafua yule wa kwanza. Angalieni Tanu katika Kumkum Bhagya. Kabla ya Pragya, yeye ndiye aliyependwa, na alikuwa na dai la haki. Hadithi ikamjaza uongo, njama na wivu, mpaka hakuna anayeweza kumwonea huruma. Hiyo ni njia ya mkato. Mwandishi anatuondolea kazi ngumu ya kukubali kwamba mtu mwema anaweza kuachwa. Duniani wema huachwa. Tunawajua, tunaketi nao kanisani na msikitini. Hadithi inayojua kuachwa kwa mwema ni hadithi iliyokomaa.

Ugomvi huu wa mtazamaji na mwandishi una historia ndefu. Mwezi wa Aprili 1914, pale London, ulichezwa mchezo wa George Bernard Shaw uitwao Pygmalion. Eliza, msichana maskini anayeuza maua barabarani, anachukuliwa na Profesa Higgins, anafundishwa kusema kama watu wakubwa, anageuka mwanamke wa heshima. Mnaona alivyo dada wa Maria. Watazamaji walitaka Eliza aolewe na Higgins. Shaw hakutaka. Mchezaji wa Higgins, Herbert Beerbohm Tree, akaanza kumrushia Eliza maua mwishoni, kabla pazia halijafungwa, ili watu waende nyumbani na matumaini ya harusi. Shaw alikasirika sana. Mwaka 1916 akachapisha maelezo marefu kueleza kwamba Eliza anaolewa na Freddy, kijana asiye na mali aliyempenda kwa unyenyekevu. Watu hawakumsikia. Filamu ya mwaka 1938 ikamrudisha Eliza kwa Higgins, na mchezo wa nyimbo wa My Fair Lady, ulioanza New York mwaka 1956, ukafanya vilevile.

Shaw alikuwa na sababu ninayoiona kuwa ya kweli hadi leo. Aliyekuinua hajakununua. Higgins alimpa Eliza lugha na nguo, lakini alimtendea kama kazi ya mikono yake. Eliza ana haki ya kumshukuru na kuondoka. Watazamaji walimtazama Higgins, wakaona juhudi zake, wakataka alipwe. Malipo waliyomchagulia ni mtu.

Hebu turudi kwa King tukiwa na hilo mkononi, maana linatuhukumu sisi tuliomtetea. Nami nilikuwa upande wa King, na moyo wangu bado uko huko. Lakini tukisema kwamba amevumilia, amelea, basi apewe Pragya, tumefanya uvumilivu wake kuwa mahari, na Pragya kuwa kitu kinachokabidhiwa. Hakuna aliyemuuliza yeye. Mama anaweza kumheshimu mtu aliyemwokoa, akamwombea kila asubuhi, akamfundisha mtoto kumwita baba, na bado moyo wake ukawa kwa mwingine. Hilo si ukosefu wa shukrani. Binti zetu wanaosikiliza, mliosaidiwa na mtu kwa karo au safari, nataka mlisikie: deni la wema hulipwa kwa wema, halilipwi kwa ndoa.

Je, kundi la pili lilikosea kukasirika? Hapana. Lilikosea katika dai lake, lakini jeraha lake ni la haki. Kinachouma ni kwamba hadithi ilimtumia King kisha ikamwacha njiani. Alipokwisha kuwa na kazi, kamera ikageuka. Mtu aliyelea mtoto kwa miaka 7 alistahili tuone siku anayoachana naye, alistahili kuambiwa asante kwa kinywa, alistahili Abhi amtazame usoni na kukiri kwamba mtoto wake ana adabu kwa sababu ya mwanamume mwingine. Hadithi haikuwa na wajibu wa kumpa King mke. Ilikuwa na wajibu wa kumwona.

Hicho ndicho kipimo ninachowapa leo. Tamthilia ikimwoza mhusika kwa mtu usiyemtaka, usiulize kwanza kama ulishindwa. Uliza kama aliyeachwa ameonwa, na kama aliyechagua amechagua mwenyewe. Yakipatikana hayo mawili, hadithi imekutendea haki hata kama imekuumiza. Yakikosekana, kasirika, na useme wazi kwa nini.

Mpaka mmoja uwepo. Hasira iishie kwa wahusika. Ile tamthilia ya Ufilipino, Pangako Sa 'Yo, ambayo majirani zetu wa Kenya na Tanzania waliijua kwa jina la The Promise, iliwaunganisha Yna na Angelo kwa nguvu kiasi kwamba watu wengi walitaka wachezaji wenyewe, Kristine Hermosa na Jericho Rosales, waoane. Kristine aliolewa na mwingine mwaka 2011, naye Jericho akaoa mwingine mwaka 2014. Hawakumsaliti mtu yeyote. Waliigiza ahadi kwa ustadi mkubwa, na sisi tukaiamini. Kazi yao iliishia hapo, na maisha yao ni yao.

Wapendwa, katika mji ambao ndoa nyingi zimekatwa na barabara, na ziwa, na bunduki, kubishana juu ya nani anastahili kupendwa ni kazi ya watu wenye akili. Endeleeni kubishana. Ila katika ubishi huo, mpeni mwanamke nafasi ya kujibu mwenyewe, na aliyebaki mikono mitupu mpeni heshima yake kwa sauti, kwa jina. Anayepaswa kuipata huenda anawasikiliza.