Kukanda Mwili: Aina Zake, Manufaa Yake na Mipaka Yake

(Mazungumzo yaliyotolewa Pemba mbele ya waumini na wageni katika maadhimisho ya hekalu)



Nawashukuru wenyeji wetu kwa heshima ya kunikaribisha katika siku hii ya furaha. Nimeombwa nizungumzie kukanda mwili, jambo linalofahamika katika kila nyumba ya Pemba, iwe ya Mhindu au ya Mwislamu, ya mjini Wete au ya shamba la mikarafuu. Nimekubali kwa moyo mkunjufu. Katika miaka yangu ya uuguzi na ukunga nimeona mikono ya mama zetu ikiwapunguzia watu maumivu. Nimeona pia wagonjwa waliofikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, kwa kuwa walikuwa wakikandwa wakati ambapo hawakustahili kukandwa. Mambo yote mawili yanafaa kusemwa leo.

Kiswahili chetu kimeitengea kazi hii maneno mengi. Kupapasa ni kupitisha kiganja polepole juu ya ngozi ili mwili utulie. Kuchua ni kusugua kwa mafuta, mkono ukifuata misuli. Kukanda ni kuibana nyama na kuiachia, kama mtu akandaye unga. Tena kuna kukanda kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto. Kupigapiga ni kuamsha damu kwa viganja. Kusinga ni kusugua mwili kwa vitu vya manukato. Katika karne ya 19 daktari wa Uholanzi, Johan Georg Mezger, aliipanga mikono hii katika utaratibu ambao leo huitwa masaji ya Kiswidi: kupapasa, kukanda, kusugua na kupigapiga. Bibi yeyote wa kisiwa hiki angeitambua orodha hiyo bila kufundishwa.

Bara Hindi lina elimu ya kale zaidi. Katika Ayurveda, kupaka mwili mafuta ya uvuguvugu na kuuchua huitwa abhyanga, na kitabu cha Charaka kinaihesabu miongoni mwa desturi za kila siku za mtu mwenye kutaka afya. Mafuta yanayosifiwa sana humo ni ya ufuta, ambayo sisi huyaita uto. Katika Kisanskriti neno sneha lina maana mbili, mafuta na mapenzi, na kila aliyechuliwa na mama yake anajua kwa nini maana hizo zikakaa pamoja. Upande wa pili, tabibu mkubwa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika kwamba kusugua kwa nguvu huukaza mwili na kusugua kwa upole huulegeza. Elimu hizi mbili zilivuka bahari na kukutana katika visiwa vyetu. Hata neno shampuu limetoka katika Kihindi, kwenye kitenzi cha kubonyeza na kukanda. Lilipata umaarufu Uingereza kwa juhudi za Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, aliyefungua nyumba ya kuogea na kukanda mjini Brighton na kupata wateja hadi katika jumba la mfalme.

Mataifa mengine nayo yana mikono yao. Wajapani wana shiatsu, ambayo ni kubonyeza kwa vidole gumba. Wathai wana ukandaji wa kunyoosha viungo pasipo mafuta, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2019 kuwa urithi wa binadamu.

Je, manufaa yake ni yapi? Ukandaji mzuri hulegeza misuli iliyokakamaa, hupunguza wasiwasi, husaidia usingizi, na huweza kutuliza maumivu ya mgongo na shingo kwa muda. Mzee aliyefiwa na mwenzake, ambaye hana tena wa kumshika mkono, hupata faraja ambayo kidonge hakina. Lakini kukanda hakuondoi uvimbe wa saratani, hakuteremshi homa ya malaria wala hakuungi mfupa. Anayeahidi hayo anauza asichokuwa nacho.

Nije sasa kwa mzazi. Nyumba zetu zinafanana sana hapa. Mwanamke wa Kiswahili hukaa siku arobaini, hukandwa kwa maji ya moto, huchuliwa kwa mafuta ya nazi na kufungwa mkaja. Mwanamke wa Kihindu naye hupumzishwa, huchuliwa kwa mafuta na kulishwa vyakula vya kumrudishia nguvu. Desturi hizi zina hekima: zinamfanya mama atunzwe wakati ambao amechoka kuliko wakati wowote. Tuzitunze, kwa masharti. Maji yajaribiwe kwanza kwa kiwiko cha mkandaji. Aliyepasuliwa asikandwe tumbo wala asifungwe mkaja mpaka aliyemhudumia hospitali aruhusu. Damu ikizidi, homa ikipanda, au kichwa kikiuma sana na macho yakiona ukungu, kazi ya mkandaji imekwisha. Gari litafutwe saa hiyo hiyo.

Lipo jambo moja ninalowaomba mlipeleke nyumbani hata mkisahau mengine yote. Mzazi, au mtu yeyote, akivimba mguu mmoja tu, na ndama ya mguu huo ikawa ya moto na yenye kuuma, msiuchue. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Mkono unaosugua waweza kulisukuma bonge lile likapanda mpaka mapafuni, na mtu akafa kwa dakika chache. Mguu huo ni wa hospitali.

Vivyo hivyo kwa mjamzito. Kuchuliwa mgongo na miguu kwa upole, akiwa amelala ubavu, humpa nafuu. Lakini kulisukuma tumbo ili kumgeuza mtoto ni hatari. Kondo laweza kubanduka. Kazi hiyo hufanywa na mtaalamu mahali penye chumba cha upasuaji.

Mtoto mchanga aliyezaliwa kwa miezi yake na mwenye afya, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2022 linakubali achuliwe mwili mzima kwa upole. Tuweke mkazo katika neno upole. Asivutwe viungo, asibonyezwe utosi, asitiwe mafuta puani wala kitovuni.

Msimu wa karafuu hutuletea huzuni ya namna nyingine. Mkarafuu ni mrefu, tawi huteleza, na mchumaji huanguka. Desturi ya haraka ni kumketisha na kumkanda mgongo. Ndugu zangu, mgongo uliovunjika ukikandwa waweza kumfanya aliyeumia asitembee tena maisha yake yote. Alazwe juu ya ubao, kichwa kisiyumbe, apelekwe Wete, Chake Chake au Mkoani, ipi iliyo karibu. Mchuaji atapata zamu yake baadaye, daktari akisha kuruhusu.

Wazee wenye kisukari nao wahurumiwe. Nyayo zao mara nyingi hazihisi joto, na maji ambayo wao huyaona vuguvugu huwababua.

Niseme machache juu ya mafuta ya karafuu, fahari ya kisiwa chetu, yanayokamuliwa katika kiwanda cha makonyo pale Wawi. Yana dawa iitwayo eujeno, itiayo ganzi, ndiyo maana hutuliza jino. Lakini yakipakwa matupu huunguza ngozi, na mtoto akiyanywa huweza kuharibikiwa na ini. Kwa mtu mzima, tone moja katika kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi latosha. Kwa mtoto mchanga, hata tone hilo lisitumike.

Mwisho, nawageukia vijana. Bibi arusi wa Kihindu hupakwa manjano kabla ya ndoa yake; bibi arusi wa Kiswahili husingwa kwa singo ya liwa, asumini, waridi na karafuu. Mikono inayofanya kazi hiyo inazeeka. Nendeni mkajifunze kwa wenye kujua wakiwa bado hai, kisha mjifunze na kwa wauguzi dalili za hatari, ili elimu ya bibi na elimu ya hospitali zikae katika mikono ile ile. Na jioni ya leo, mkirudi majumbani, pasheni mafuta kidogo moto, mumuulize mzee wa nyumba miguu yake inamuuma wapi.

Mungu alijaalie hekalu hili umri mrefu, na ujirani wetu udumu.