Joto la Betri

Msikilizaji, hapa Mnazi, bondeni chini ya Usambara, jasho halikauki shingoni. Lakini panda Lushoto, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, kipupwe cha Julai: ukungu umetanda, na mama muuza kabichi amejifunga khanga mbili juu ya sweta la mtumba, vidole vimekufa ganzi hata kuhesabu chenji ni kazi.

Nguo zinazopashwa joto kwa umeme zinamhusu huyu. Mfano ni koti jepesi, mgongoni limeshonewa nyuzi nyembamba za kaboni. Umeme ukipita, ukinzani wa nyuzi huugeuza kuwa joto. Likila wati 10, pawabenki ya miliampea-saa 10,000, yenye kama wati-saa 37, hulipasha kwa takribani saa 3. Alfajiri nzima ya soko, basi! Tena, jiko la mkaa la kuotea chumbani huua watu kwa hewa yake ya sumu. Koti hili halitoi hewa hiyo.

Waagizaji wetu huleta zaidi vitu vya joto la Dar es Salaam. Milimani nako kuna wateja, na naomba wasisahauliwe. Ila mvaaji wa koti akumbuke: betri ikivimba, aitoe mfukoni mara moja.