Wanawake na Watoto katika Mashimo ya Makaa

Zamani za Malkia Victoria viwanda vya Uingereza viliendeshwa kwa makaa ya mawe, na katika mashimo kadha wa kadha makaa hayo yalichimbwa na jamaa nzima. Baba aliyakata, mke na binti zake waliyavuta kwa vigari, wakitambaa, mkanda kiunoni na mnyororo katikati ya miguu. Mtoto mdogo, pengine wa miaka 5, aliketi gizani muda wa saa 12 akifungua na kufunga mlango wa kuongoza hewa. Wenye mashimo waliiita kazi nyepesi. Labda hawakupata kuijaribu.

Tarehe 4 Julai 1838, huko Silkstone, Yorkshire, mvua kubwa ilizima mtambo wa kupandishia watu. Watoto wakashika njia nyingine ili watoke. Maji yakawabana penye mlango kama ule, wakafa 26.

Mwaka 1842 Tume ya Serikali ilitoa taarifa yenye picha, na picha hizo ziliwatia watu haya. Lord Ashley akapeleka mswada Bungeni; mwaka ule ule sheria ikakataza wanawake wote, na wavulana wasiotimiza miaka 10, wasifanye kazi chini ya ardhi. Fidia haikutolewa, na baadhi ya wanawake, kwa kukosa mshahara, walirudi shimoni kwa siri.